Waini ya miaka 15 kwa euro 24: nilivyoonja Château Lanessan 2010

Jumamosi jioni nimefungua Château Lanessan ya mwaka 2010, nimeinunua euro 24, nikakaa nayo kama masaa manne naonja kidogo kidogo na kuandika. Kazi yangu ni kuonja na kuuza waini hapa Bordeaux, na ndugu zangu wa nyumbani karibu kila wiki wananiuliza, hivi waini iliyokaa ya Ufaransa si mpaka uwe na hela nyingi? Jamani hapana. Ila ujue unatafuta nini, na hicho cha kutafuta Kiswahili tayari kina jina lake, na ni jina zuri kuliko maneno mengi ninayotumia hapa kazini: ukakasi.

Umeshawahi kula bibo halijaiva sawasawa, au ndizi mbichi, ulimi ukakauka na fizi zikawa kama zinavutwa? Basi ndio huo. Kwenye waini nyekundu unaletwa na tanini, zinatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kiasi kwenye mbao za pipa. Chai ya rangi ikisahaulika na majani yake mpaka ikawa nyeusi nayo inao. Wengi wetu tulioanza na ile waini tamu ya Dodoma tukikutana na Bordeaux changa tunakunja uso tunasema imeharibika hii, kumbe ndio kwanza mtoto. Kile kinachokukera ikiwa na miaka miwili ndicho kinachoibeba mpaka miaka 15, kwa sababu tanini kadri miaka inavyoenda zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinashikana na rangi pia, zikishakuwa nzito zinazama chini ya chupa ndio unaona yale mashapo, na zinazobaki zinakuwa laini mdomoni. Waini ambayo tangu mwanzo haina ukakasi wala uchachu, hata uifiche wapi, baada ya miaka 15 utafungua juisi iliyochoka.

Ndiyo maana macho yangu yanaenda Médoc, ile ardhi ndefu kaskazini mwa Bordeaux kandokando ya mlango wa mto Gironde. Changarawe nyingi. Maji ya mvua yanapita haraka, mawe yanashika joto la mchana, na hapo Cabernet Sauvignon inajisikia nyumbani, zabibu yenye punje ndogo na ganda nene, yaani tanini nyingi. Wanachanganya na Merlot, zabibu nyingine, ili waini ijae mdomoni. Lanessan iko Cussac-Fort-Médoc, ukivuka kidogo tu uko Saint-Julien, ambako chupa ya mwaka huo huo wa 2010 ya shamba maarufu inaweza kukutoka mara tano ya hela niliyolipa, wakati mwingine mara kumi.

Mbona tofauti kubwa hivyo? Historia. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris ya Napoléon III, madalali wa Bordeaux walipanga mashamba, karibu yote ya Médoc, kwa madaraja matano wakifuata bei za sokoni wakati ule, na orodha ile mpaka leo karibu haijaguswa, badiliko kubwa ambalo kila mtu analitaja ni shamba la Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza mwaka 1973. Lanessan haimo. Shamba lisilokuwemo linaweza kuwa na changarawe nzuri na watu makini lakini bei haipandi, na hapo ndipo mimi na wewe tunapopata nafasi yetu.

Halafu mwaka wa mavuno. Hapa sibembelezi mtu, mwaka unautazama kabla ya jina. 2010 ulikuwa mkavu, mchana joto ila usiku kuna ubaridi, kwa hiyo punje zikabaki ndogo zenye maganda mazito na uchachu haukuungua na jua. Linganisha na 2013, baridi, mvua, zabibu kuiva kwa shida, waini nyingi za mwaka ule zilitakiwa kunywewa mapema. Ukinipa waini ya shamba dogo ya 2010 na ya shamba kubwa ya 2013 nachukua ya shamba dogo bila kufikiria mara mbili.

Sasa chupa yenyewe. Ijumaa niliisimamisha ili mashapo yashuke. Kizibo nilikitoa polepole, kikiwa na umri huo kinaweza kumeguka, na cha kwanza nilikinusa: kikikupa harufu ya boksi lililolowa au gunia lenye ukungu, waini imeshaharibika na haiponi, rudisha dukani. Hiki kilikuwa safi. Nikamimina taratibu kwenye jagi la kioo, taa ya simu nyuma ya shingo ya chupa, nilipoona uzi mweusi wa mashapo unakaribia nikaacha.

Rangi: inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uangalie ukingoni. Katikati bado nyekundu iliyokolea, pembeni imeanza kuwa ya tofali. Waini nyekundu changa ukingo wake ni zambarau, kwa hiyo hapo tu umeshajua umri bila kusoma lebo.

Harufu ndio nimekaa nayo zaidi. Dakika za kwanza imejifunga, karibu haisemi kitu. Baada ya nusu saa ikaja tumbaku kavu, ile ya majani kabla hayajasokotwa, halafu mbao za kasha la zamani, ngozi, na matunda meusi ambayo si mabichi tena, yameelekea kwenye zabibu kavu. Saa ya pili ikaja harufu ya udongo mvua ikianza kunyesha, na hii nakwambia ndiyo ninayoilipia, huipati kwenye chupa ya miaka mitatu hata uifanyeje. Mdomoni ukakasi bado upo lakini umekuwa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, unaugusa haukukwaruzi, na uchachu unaleta mate ndio maana unataka tena. Mwisho wake si mrefu sana, hapo mashamba makubwa yanaishinda, nakubali.

Ukiwa Dar au Mombasa usiinywe na joto la chumbani, iweke friji kwanza, unataka nyuzi 16 hadi 18, ikipata moto pombe inapanda puani na tumbaku yote inapotea. Chakula, kondoo wa kuchoma na chumvi tu, nyama na mafuta yake vinaushika ukakasi unalainika. Pilipili weka kando, inauamsha.

Kwa walioko Ufaransa, Septemba supamaketi zinafanya maonyesho yao ya waini na mara nyingine zinatoa chupa zilizokaa. Angalia waini imefika wapi shingoni, kwa umri huu inatakiwa bado iwe ndani ya shingo. Ikishashuka mpaka mabegani maana yake hewa imeingia, iache hata wakikupunguzia. Na ukipata 2010 ya shamba dogo la Médoc iliyotunzwa vizuri chukua mbili. Yangu ya pili ipo chini kabatini, naifungua 2030.