Jarida la megabaiti 500: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu majarida ya kwenye tableti

Mei 2010, hata miezi miwili haijatimia tangu iPad iingie madukani Marekani, Wired, jarida la teknolojia la Marekani, lilitoa toleo lake la kwanza la tableti kwa dola 4.99. Lilikuwa na video, sauti na picha za kuzungusha kwa kidole, na uzito wake ulikuwa takriban megabaiti 500. Nakala zaidi ya 100,000 ziliuzwa. Kufikia Novemba mwaka huohuo, toleo moja lilikuwa linauza kama nakala 23,000 tu. Mengi tunayoyasikia hadi leo kuhusu bei na ukubwa wa majarida ya aina hii yalianza kusemwa wakati ule, na sehemu kubwa yake haisimami ukiikagua.

Dhana: "Hakuna karatasi wala lori, basi bei iwe ya kutupa"

Karatasi, wino na usafirishaji vina gharama, hilo halina ubishi. Lakini katika majarida makubwa ya Marekani msomaji hakuwahi kuzibeba gharama hizo peke yake. Aliyebeba mzigo ni mtangazaji. Ndiyo maana mtu aliyelipia Wired ya karatasi kwa mwaka mzima aliletewa matoleo 12 hadi mlangoni kwa pesa ambazo kibandani zisingemnunulia hata manne. Ukiiondoa karatasi, basi, hujaondoa kitu ambacho msomaji alikuwa anakilipia chote.

Upande wa pili, kazi iliongezeka. Kila ukurasa ulisanifiwa mara mbili, wa kifaa kikiwa wima na wa kifaa kikiwa kimelazwa. Video zilihitaji watu wake. Apple, mtengenezaji wa iPad, ilichukua asilimia 30 ya bei, yaani karibu dola 1.50 katika kila 4.99, na wachapishaji waliotumia mfumo wa kampuni ya programu za kompyuta ya Adobe walilipia pia kila nakala iliyopakuliwa.

Hata hivyo siwatetei wachapishaji. Ile 4.99 haikutoka kwenye hesabu ya gharama yoyote. Ni bei ya kibandani iliyohamishwa ilivyo. Kibaya zaidi, mwanzoni msomaji wa iPad hakuwa na njia ya kujiunga kwa mwaka ndani ya programu. Alinunua toleo mojamoja, huku jirani yake wa karatasi akipata mwaka mzima kwa bei ya chini. Apple ilifungua mlango wa usajili Februari 2011, na mvutano mkubwa haukuwa wa pesa peke yake. Wachapishaji walitaka majina na anwani za wasomaji, kwa sababu taarifa hizo ndizo zinazouzika kwa watangazaji. Apple ikasema msomaji ndiye atakayeamua kama anazitoa.

Mei 2011 kampuni mama ya Wired, Condé Nast, ilikubali masharti ya Apple. Wired ikawa dola 1.99 kwa mwezi au 19.99 kwa mwaka, na mwenye usajili wa karatasi akapewa toleo la tableti bila malipo ya ziada. Mwaka mmoja nyuma, matoleo 12 yangemgharimu msomaji karibu dola 60. Gharama ya kutengeneza jarida haikuporomoka kwa theluthi mbili ndani ya miezi 12. Kilichobadilika ni makubaliano.

Dhana: "Makato ya Apple ndiyo yaliyoyaua"

Chukua The Daily, gazeti la iPad la News Corp lililoanza Februari 2011 kwa senti 99 kwa wiki. Rupert Murdoch, bosi wa News Corp, mwenyewe alisema uendeshaji wake ungegharimu karibu nusu milioni ya dola kila wiki. Wasajiliwa walifika laki moja na kidogo. Piga hesabu: hata Apple isingekata senti moja, wasomaji laki moja wangeleta chini ya dola 100,000 kwa wiki. Desemba 2012 likafungwa. Makato yaliuma, lakini shimo lilikuwa kubwa kuliko makato.

Dhana: "Video ndizo zinazojaza tableti"

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana ukweli wake karibu unachekesha. Video zilichangia uzito wa Wired ya kwanza, lakini sehemu kubwa zaidi ilikuwa picha tuli. Adobe ilikuwa imepanga kulijenga jarida lile kwa Flash, teknolojia yake ya video na michoro inayojongea. Aprili 2010 Apple ikabadili masharti kwa watengenezaji programu na kuifunga njia hiyo, wakati jarida liko jikoni. Suluhisho la haraka likawa kugeuza kila ukurasa kuwa picha. Maandishi nayo hayakusalimika: ulichosoma kilikuwa picha ya maneno, si maneno. Na kwa kuwa ukurasa ulikuwa na umbo la wima na la kulala, picha zilikuwa mbili kwa kila ukurasa. Vile vitu vinavyojongea ukivigusa navyo vilikuwa mfululizo wa picha moja baada ya nyingine.

Makala ya maneno 3,000 ikihifadhiwa kama maandishi inachukua makumi ya kilobaiti tu. Ikigeuzwa picha, ni megabaiti kadhaa, na juu ya hapo huwezi kutafuta neno, kunakili sentensi wala kukuza herufi ili macho yapumzike.

Machi 2012 ikaja iPad yenye skrini kali zaidi. Kutoka nukta 1024 kwa 768 hadi 2048 kwa 1536 ni mara nne ya nukta, kwa hiyo aliyekuwa anatengeneza kurasa za picha alijikuta na mzigo mpya. Waliokuwa wamehamia PDF waliumia kidogo, kwani humo herufi hubaki herufi. Tableti ya gigabaiti 16 huachiwa kama 14 za kutumia. Kwa megabaiti 500 kila moja, hayo ni majarida 28, bila wimbo hata mmoja. Na kwa anayesomea Dar es Salaam au Nairobi kwa bando, toleo la namna hiyo linalipiwa mara mbili.

Dhana: "Nimelinunua na limo kwenye tableti, basi ni langu"

Ulichonunua ni ruhusa ya kusoma. Amazon ilifunga usajili wa majarida ya Kindle, kifaa chake cha kusomea, mwaka 2023. Kwenye Apple News+, huduma ya Apple ya kusoma majarida mengi kwa usajili mmoja, iliyoanza 2019 kwa dola 9.99 kwa mwezi, usajili ukikatika hata toleo ulilokwisha kulipakua halisomeki tena.

Hata kuwemo kwenye kifaa si hakika. Tangu iOS 5, toleo la Oktoba 2011 la mfumo unaoendesha iPad, Apple iliwataka watengenezaji programu waweke vitu vinavyoweza kupakuliwa upya kwenye hifadhi ya muda, ambayo mfumo una ruhusa ya kuifuta nafasi ikibana. Msomaji hafahamishwi. Ukitaka kusoma ndani ya ndege, fungua toleo lenyewe kabla hujaondoka kwenye intaneti, usiridhike na kuona jalada lake. Na kama nafasi ndiyo inayokusumbua, futa matoleo ya zamani kutoka ndani ya programu ya jarida. Ukiifuta programu yenyewe, yanaondoka yote, na utayapakua upya moja moja kwa bando lako.