Miaka 40 haifungi mwili

Ukiulizia pale Mwanga, Kigoma, unga wa kupunguza uzito, ule wa kukoroga unaonywewa badala ya mlo, utaambiwa unawafaa vijana na wanaume. Mama wa miaka 45 mwili wake "umeshafunga", yaani haupungui tena. Kauli hii imekaa midomoni mwa watu miaka mingi, lakini si kweli.

Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Ukishazingatia ukubwa wa mwili na misuli, kasi ya kutumia nishati hubaki karibu ileile kuanzia miaka 20 hadi 60, kwa wake kwa waume. Baada ya 60 ndipo hushuka, takriban 0.7% kwa mwaka.

Mbona basi baba hupungua haraka kuliko mama? Tupige hesabu. Tuseme baba hutumia kalori 2,600 kwa siku na mama 2,000. Wote wakipewa unga wa kalori 800 tu kwa siku, baba ana upungufu wa 1,800, mama 1,200. Mwili mkubwa wenye misuli mingi unadai zaidi, basi. Kumlaumu mama kwa uvivu ni kumwonea.

Umri una lake: misuli hupungua, na hedhi ikikoma mafuta huelekea tumboni. Dagaa, maharage na kazi za nguvu husaidia kuilinda misuli.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asianze unga huu kabla ya kumwona daktari. Dozi isiporekebishwa, sukari inaweza kushuka ghafla.