Hulka haijengwi

Juzi niliketi na mswada wa kitabu cha vijana kuhusu fedha. Ukurasa wa 4: "Jenga hulka ya kuweka akiba." Nikapiga mstari. Ukurasa wa 11: "Achana na hulka ya kukopakopa." Nikapiga mstari. Ukurasa wa 30 ukanimaliza: "Hulka njema hutokana na mazoea." Nikampigia simu mwandishi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema lile nililokwisha kulisikia kwa watangazaji, kwa walimu na kwa wanafunzi wa uzamili: "Lakini Mwalimu, hulka si ndiyo tabia, ila kwa Kiswahili cha juu?"

Hapana. Nimelijibu hili kwenye simu, kwenye barua pepe na pembezoni mwa miswada isiyohesabika. Leo nalijibu hapa ili nipate pa kuwaelekeza watu.

Kiswahili hakina ghorofa ya juu ambako kila neno la chini lina pacha wake aliyevaa kanzu ya Idi. Maneno yakikaa nyumba moja muda mrefu hugawana kazi. Ukimfanya hulka kuwa kisawe cha tabia umemwachisha kazi yake, na kazi hiyo haina wa kuirithi.

Kipimo changu ni vitenzi. Tabia hujengwa, huigwa, huachwa, huharibika. Mtoto hupelekwa bweni akarudi na tabia ambayo hakuondoka nayo. Hulka haikubali vitenzi hivyo. Mtu huzaliwa nayo, huonekana nayo, huizuia, pengine huishinda kwa saa moja au kwa miaka ishirini, lakini harudi nayo kutoka bweni. Tunasema "ni mpole kwa hulka" na sikio linakubali. Sema "ni mvutaji sigara kwa hulka" usikilize. Hakuna aliyezaliwa na sigara mdomoni.

Mama aliyezaa zaidi ya mara moja hahitaji maelezo yangu. Mmoja alilia hadi jirani wakaja kuuliza, mwingine akalala anatazama dari. Nyumba ileile, ziwa lilelile. Kilichowatenganisha kabla hawajafundishwa lolote ndicho hulka. Yule mkali akija kufundishwa kuamkia watu kabla ya kudai chakula, hiyo ni tabia. Ukali wake uko palepale, umefunzwa tu kupiga hodi.

Kuhusu silika, jirani wa maneno haya mawili, nitakwenda haraka. Silika ni ya jamii nzima ya kiumbe, haichagui mmoja mmoja. Vifaranga vya kasa, pale Mafia au Watamu, hutoka mchangani usiku baada ya takriban miezi miwili, vikakimbilia upande ulio na mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Mama yao hayupo kuwaonyesha njia, aliondoka usiku uleule alipotaga. Hoteli ikiwasha taa kali ufukweni, vitakimbilia hotelini vife. Hiyo ndiyo silika, na hakuna kifaranga mmoja aliyenayo na mwenziwe asiyenayo. Hulka ni yangu mimi na si yako, silika ni yetu sote.

Nakiri kwamba mpaka huo si ukuta wa mawe. Mnana dume hafundishwi kusuka kiota, ila viota vya mnana kijana huwa ovyo, na majike huvikataa, mpaka azoee. Kiota chake cha tano ni silika au ni mazoea? Ni vyote viwili, na fasili ya mstari mmoja haiwezi kubeba hilo. Kila ninapofika kwenye kidahizo cha silika, yaani neno lenyewe linalofasiliwa kwenye kamusi, huandika "bila kufundishwa" huku mkono ukisita.

Sasa nije kwenye hoja ya wapinzani wangu, na ni hoja nzuri. Wananiuliza: kama tabia ni kitu cha kufundishwa na kuachwa, mbona wahenga walisema tabia haina dawa?

Kwa sababu tabia ilipoingia Kiswahili ilikuja na mzigo mwingine. Katika Kiarabu neno hilo ni maumbile, asili ya kitu, na mzizi wake ni ule wa kupiga muhuri. Hadi leo Waarabu hutaja uchapaji wa vitabu kwa mzizi huohuo. Tabia ilikuwa ule muhuri uliopigwa juu yako kabla hujajua kusema. Huo hauna dawa kweli. Mabaki ya maana hiyo tunayo mdomoni kila siku tunaposema tabia ya nchi, na sasa tabianchi. Nchi haikujizoesha mvua za vuli, wala hakuna aliyeikanya jua la kaskazi. Nchi ndivyo ilivyo. Katika maneno hayo tabia bado ni kitu cha kuumbwa, kimehifadhika kama samaki aliyetiwa chumvi. Kwingine kote imeteremka hadi kwenye mwenendo, na nafasi iliyoachwa wazi ikashikwa na hulka. Kwa hiyo anayenisomea methali ile ananisomea Kiswahili cha kweli, ila cha zamani kuliko anavyodhani.

Na hulka yenyewe? Hapa ndipo ninapolala macho wazi. Sauti ya kh ya Kiarabu huwa h kwetu: habari, hatari, heri. Nyuma ya hulka, basi, uko mzizi wa kuumba, uleule uliotupa mahuluki, na halaiki pia. Vijana wanaocheza halaiki uwanjani siku za sherehe za taifa, kwa asili ya neno, ni "viumbe". Lakini kutokana na mzizi huo Kiarabu kina khilqa, yaani umbile, na pia kina khuluq, yaani mwenendo wa mtu, ambalo wingi wake ndio akhlaki inayofundishwa madrasa. Irabu ya kwanza ya hulka inafanana na khuluq. Irabu ya mwisho inafanana na khilqa. Vitabu hukata shauri kwa neno moja kwenye mabano na kusonga mbele. Mimi naona neno hili limekunywa visima viwili.

Mzee mmoja wa Unguja aliwahi kunibana hapo hapo. Alinisomea dua ya kujitazama kwenye kioo, ambayo mwombaji humwambia Mola: kama ulivyolifanya zuri umbo langu, ifanye nzuri na khuluq yangu. "Sasa mwanangu," akaniuliza, "kama khuluq haibadiliki, tunaomba nini?" Sikuwa na jibu siku ile. Nilonalo leo ni kwamba asili ya neno haiamui matumizi yake, na tabia yenyewe ni shahidi: ilizaliwa ikiwa maumbile, leo ni mazoea. Mswahili anaposema "ndiyo hulka yake" hushusha mabega, kama mtu anayeeleza kwa nini embe dodo si embe sindano. Maana ya neno imo katika mabega yale.

Mahali pamoja tu nawaachia watu, nako ni kwenye fasihi. Mwanafunzi akiandika "hulka za wahusika" simkati, hata akiwa anazungumzia ulevi. Mhusika hana utoto alioupitia nje ya kitabu. Kila alichonacho ameumbwa nacho na mwandishi.

Binadamu wa kweli ni jambo lingine. Binti wa dada yangu aliletewa ripoti ya shule imeandikwa: "Ana hulka ya kutosikiliza." Mwalimu, nina hakika, alitaka tu kusema tabia kwa neno alilodhani ni zuri zaidi. Lakini dada yangu alilisoma kama linavyosomwa. "Kaka," akaniambia, "wanasema mwanangu ndivyo alivyoumbwa." Akaacha kumkanya, akaacha kuuliza. Muhula mzima ulipita ndipo daktari akakuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Mtoto hakuwa na hulka wala tabia. Alikuwa hasikii. Na huyo ni mtoto mmoja. Sikiliza neno lilelile likibandikwa kabila zima, "wale wana hulka ya wizi", uone ni mlango gani umefungwa kwa silabi mbili.

Kosa huenda na upande wa pili pia. Mimi ni mashoto, kama walivyo takriban watu 10 katika kila 100 duniani. Nilipoanza shule niliambiwa nina tabia mbaya. Tabia, mliisikia? Yaani kitu nilichokiokota mahali na ninachoweza kukirudisha. Mkono wa kushoto ni wa msalani, akasema mwalimu, na rula ikafanya kazi yake kwenye vifundo vya vidole hadi kalamu ikahamia kulia. Nyumbani bibi yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, alitazama vile vidole akasema: "Mwacheni, ndiyo hulka yake." Ni yeye aliyenifundisha neno hili, na sijapata kukuta fasili inayozidi ile yake.

Miswada nasahihisha kwa mkono wa kulia. Nazi nakuna kwa kushoto.