Filimbi ya kwanza ya mbao: anza na tundu, mti baadaye

Aliyekulia Kilwa au Lindi hahitaji kuelezwa mpingo ni nini. Gogo lake ukilitupa majini linazama, na fundi akiingiza patasi anajua leo kuna kazi. Mti huo ndio unaochongewa klarineti, obo na filimbi bora za Ulaya. Kwa hiyo sishangai kwamba anayetaka filimbi yake ya kwanza huniuliza kabla ya lolote: "Mwalimu, hii ni mpingo kweli?" Kwa mwenye fedha kidogo, hilo ni swali la mwisho.

Filimbi ninayoizungumzia ni ile inayoshikwa kwa upande, yenye matundu sita ya vidole, inayopigwa katika muziki wa asili wa Ayalandi. Umbo lake ni la karne ya 19, la mafundi wa London kama Rudall & Rose. Mjerumani Theobald Boehm alipotoa filimbi yake ya mfumo mpya mwaka 1847, wapigaji wa orkestra waliziacha taratibu zile za zamani, nazo zikapata makao mapya kwa wanamuziki wa Ayalandi.

Kinachotetema ndani ya filimbi ni hewa. Mbao ni ukuta tu wa kuizunguka. Ndiyo maana umbo la ndani na ukingo wa tundu la kupulizia vinaamua karibu kila kitu. Katika filimbi hii kichwa kina upana wa ndani wa takriban milimita 19, kisha bomba linazidi kuwa jembamba kuelekea mwisho hadi karibu milimita 11. Wembamba huo ndio unaozipatanisha sauti za chini na za juu. Bomba likitobolewa sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, kama zilivyo nyingi za bei ya chini, oktava ya pili, yaani sauti zilezile kwa juu, inashuka, na mwanafunzi anabaki kuulaumu mdomo wake bure.

Jaribu hivi dukani. Washa programu ya kupima sauti kwenye simu, iwe kwenye A ya 440, kipimo cha kawaida cha kupatanishia ala. Ziba matundu yote sita upulize D ya chini, halafu vidole vikiwa palepale kaza midomo kidogo upate D ya juu. Rudia kwa G, yaani matundu matatu ya juu yakiwa yamezibwa. Filimbi nzima ikiwa juu au chini kidogo si neno, kichwa kinavutwa au kusukumwa. Oktava mbili zikikataana, irudishe. Kama bado hujui kupuliza, nenda na anayejua. Unanunua mtandaoni? Mwombe muuzaji akurekodie hizo sauti nne.

Kabla ya hapo angalia kizibo kilichomo kichwani. Chukua kijiti cha kusafishia, weka alama milimita 19 kutoka kwenye ncha, kiingize hadi kiguse kizibo. Alama ionekane katikati ya tundu la kupulizia. Isipokuwa hapo, si kasoro kubwa, kizibo husogezwa. Kisha toa kichwa, ziba matundu kwa vidole, mwenzako azibe mwisho wa bomba kwa kiganja, uvute hewa kwa mdomo. Bomba likinata midomoni kwa sekunde chache, halivuji.

Vitufe, yaani vile vya chuma vinavyobonyezwa kufungua au kuziba matundu ya ziada, achana navyo. Hapa nashikilia bila kulegea. Kitufe kizuri ni kazi ya mikono ya siku nyingi, na filimbi ya bei rahisi yenye vitufe sita au vinane imebana gharama mahali fulani, kwa kawaida kwenye ngozi zinazoziba. Uvujaji wa upana wa sindano unaiua D ya chini. Bila vitufe unapata doh ni D na doh ni G, na nyimbo nyingi za Ayalandi ziko humo. C ya kawaida inapatikana kwa kuacha wazi tundu la kwanza na kuziba la pili na la tatu. Kwa sababu hiyohiyo, zile za Kijerumani za zamani zenye vitufe vinane, zinazovutia kwenye minada, mwachie fundi.

Kama bajeti ni finyu kabisa, nunua ya plastiki ngumu ya Delrin iliyochongwa na fundi ambaye mwenyewe anapiga. Haipasuki wala haiombi mafuta, na umbo la ndani huwa lilelile analotumia kwenye mpingo. Naipendekeza zaidi kwa ndugu zetu wa Maskati na Dubai, ambako unatoka kwenye joto la nje na kuingia kwenye kiyoyozi mara kumi kwa siku. Mbao hazipendi hali hiyo.

Ukichagua mbao, chungulia kichwani. Kikiwa na bomba la chuma ndani, tafuta ufa kwa nje, kwa sababu mbao husinyaa na chuma hakisinyai. Wiki za kwanza piga dakika kumi na tano tu kwa siku, kausha ndani kwa kitambaa kila umalizapo, na paka mafuta ya lozi kidogo filimbi ikiwa kavu. Maungio yakilegea, ongeza mizunguko miwili mitatu ya uzi, usiweke gundi.