Je, wajua kwa nini uvimbe wa titi hupimwa protini kabla ya dawa kuandikwa?

Wanawake wawili wanaweza kufika hospitali moja ya Bukavu ndani ya wiki moja, kila mmoja ana uvimbe wa sentimita 2 kwenye titi, na chini ya hadubini seli zao zikaonekana mbaya kwa kiasi kilekile. Hata hivyo mmoja ataandikiwa tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi, na mwingine ataambiwa vidonge hivyo havitamsaidia. Tofauti yao iko kwenye protini zilizomo ndani ya seli za uvimbe. Kwenye karatasi ya majibu utaziona kwa herufi chache tu: RE, RP, HER2, Ki-67.

Kwa nini protini, wakati kila mtu anazungumzia jeni? Kwa sababu seli ya ini na seli ya titi la mtu huyohuyo zina jeni zilezile. Zinachotofautiana ni jeni zipi zinazotumika, na kila moja inazaa protini kiasi gani. Kansa huanza jeni zinapoharibika, lakini kazi yenyewe hufanywa na protini, na dawa nyingi hulenga protini. Ukijua seli imejaza protini gani, unajua inaishi kwa kutegemea nini.

RE ni kipokezi cha estrojeni, homoni inayotoka zaidi kwenye ovari. Mwaka 1896, daktari George Beatson wa Glasgow alieleza kwamba kuondoa ovari kunaweza kusinyaza uvimbe wa titi. Kwa wagonjwa wengine upasuaji huohuo haukubadilisha chochote, na sababu ilikuja kueleweka tu baada ya Elwood Jensen wa Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1950, kuonyesha kwamba kuna protini inayoikamata estrojeni. Seli isiyo na kipokezi hicho haijali homoni ipo au haipo. RP, kipokezi cha projesteroni, hutengenezwa pale RE inapofanya kazi, kwa hiyo ni ushahidi kwamba RE haikukaa bure.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Hata titi lenye afya lina seli zenye RE, ila ni chache, na kwa kawaida zenyewe hazigawanyiki: zinapokea estrojeni, kisha zinatuma ishara kwa majirani, na majirani ndio wanaogawanyika. Kwenye kansa nyingi mpangilio huo huvunjika. Seli ileile inabeba RE na inajigawanya yenyewe. Kwa hiyo kuwepo kwa RE peke yake si ugonjwa. Kasoro ni wingi wake, na kazi mbili kuangukia seli moja.

HER2 ina hadithi nyingine. Hukaa kwenye utando wa nje wa seli na kupokea ishara za ukuaji. Seli ya kawaida ina nakala 2 za jeni yake, kwenye kromosomu ya 17. Katika kansa kama 15 hadi 20 kwa kila 100 nakala hizo huongezeka sana, na utando hujaa protini. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa aina hiyo walikuwa na hali mbaya zaidi, na mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumabu, dawa inayoishika protini hiyohiyo. Ki-67 ni kipimo cha kasi tu: huonekana kwenye seli iliyo njiani kugawanyika, na hupotea kwenye seli iliyopumzika.

Sasa kazi ya laboratwari, maana majibu mengi huharibikia huko, au hata kabla ya kufika huko.

Kipande kikishatoka mwilini, seli zake zinaanza kufa na protini zinaanza kuoza. Kinatakiwa kiwe ndani ya formoli, kimiminika cha kuhifadhi tishu, kabla saa 1 haijaisha. Chupa iwe na formoli angalau mara 10 ya ujazo wa kipande. Formoli inayofaa huchanganywa hivi: mililita 100 za formoli nzito ya dukani, mililita 900 za maji safi, gramu 4 za fosfati ya sodiamu monobasiki na gramu 6.5 za dibasiki. Fosfati hizo ndizo zinazozuia mchanganyiko usiwe na asidi. Wanaochanganya na maji matupu hupata formoli inayochachuka kadiri inavyokaa, inaacha madoa meusi kwenye tishu na kudhoofisha protini.

Titi lililokatwa lote ni shida kubwa zaidi. Formoli huingia kama chumvi kwenye samaki mnene: juu pamekaza, katikati bado pabichi. Huenda kama milimita 1 kwa saa, kwa hiyo titi zima likitumbukizwa Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu, uvimbe ulio katikati umeshaoza. Lazima lipasuliwe mapema katika vipande vya milimita 5 au 10, formoli ipenye kati yake. Halafu kipande kikae ndani kwa saa 6 hadi 72. Chini ya saa 6, RE inaweza kuonekana haipo wakati ipo.

Baada ya hapo maji huondolewa kwa alkoholi na tishu huzamishwa ndani ya parafini iliyoyeyushwa. Umeme ukikatika usiku mashine ikiwa katikati ya hatua hiyo, tishu hutoka laini na kisu huichana. Parafini ikiganda, bonge lenye tishu ndani yake huitwa kizuizi. Kizuizi kilichotoka vizuri hukatwa vipande vyembamba vya maikroni 3 hadi 5, vinavyobandikwa juu ya kioo.

Formoli imezifunga protini, kwa hiyo zinatakiwa zifunguliwe kwa joto: kioo huwekwa ndani ya maji yenye sitreti ya pH 6, au yenye EDTA ya pH 9, kwa nyuzi 95 hadi 98, dakika 20 hadi 40. Kwa mtu wa Bukavu hapa pana mtego. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa miji ya pwani anajikuta kwenye ukingo wa chini kabisa, na juu ya hayo maji yanayotokota yanabandua tishu kwenye kioo. Sufuria ya presha inasaidia, kwa dakika chache tu baada ya presha kujaa. Hata ndani yake joto ni pungufu kwa nyuzi 2 au 3 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo muda upimwe upya hapohapo kwa kioo cha uvimbe ambao majibu yake yanajulikana.

Kisha hutiwa kingamwili inayoshika protini moja tu, halafu ya pili inayobeba kimeng'enya, na mwisho rangi ambayo kimeng'enya huigeuza kuwa kahawia. RE hupaka kiini cha seli. HER2 huchora duara kuzunguka seli. Kahawia ikitapakaa mahali pengine, usiihesabu.

Seli zenye kiini cha kahawia zikifika 1 kwa kila 100, RE ni chanya. Kati ya 1 na 10 huandikwa chanya hafifu, na huko faida ya tamoksifeni haina uhakika sana. HER2 hupewa alama 0 hadi 3+. Alama 3+ inataka duara kamili na zito kwenye zaidi ya seli 10 kwa kila 100. Alama 2+ si jibu bado: zihesabiwe nakala za jeni kwa kipimo cha FISH. Kingo za kipande kilichotolewa kwa sindano hubanwa na kushika rangi kwa uongo, kwa hiyo msomaji makini huzikwepa.

Majibu hasi yanahitaji mashaka kuliko chanya. Kwenye kioo kilekile mara nyingi kuna mirija ya maziwa iliyo salama, na baadhi ya seli zake lazima zishike rangi ya RE. Zisiposhika, kipimo kimeshindwa, na kuandika «RE hasi» ni kumnyima mgonjwa dawa ya bei nafuu inayomfaa. Vilevile uvimbe wa daraja la 1, yaani ambao seli zake bado zinakaribia kufanana na za kawaida, ukitoka RE hasi, rudia kabla ya kusaini. Wenye RE, RP na HER2 zote hasi hubaki hasa na upasuaji, kemoterapia na mionzi, ndiyo maana kosa hapa linagharimu sana.

Kama kipimo kitafanyika nje ya mji, Kigali au Kinshasa, kinachosafiri vizuri ni kizuizi cha parafini: hakihitaji friji na hudumu miaka, mradi kisiachwe juani. Vioo vilivyokatwa tayari havisubiri hivyo, protini hufifia, na baada ya wiki 6 havifai. Familia iombe kizuizi kitunzwe na kiandikwe namba, pamoja na saa kipande kilipoingia formoli.

Kansa ikirudi baadaye, ichukuliwe sampuli mpya pale inapowezekana, maana protini za uvimbe wa pili wakati mwingine hutofautiana na za kwanza. Ikiwa imerudi kwenye mfupa, laboratwari iambiwe mapema: mfupa ukilainishwa kwa asidi kali, RE na HER2 huharibika, lakini kuulainisha kwa EDTA, ingawa huchukua muda mrefu zaidi, huzibakiza.