Megapikseli nyingi hazifanyi picha iwe nzuri

Wanaoanza kupiga picha huambiwa watafute kamera yenye megapikseli nyingi (megapikseli moja ni nukta milioni moja zinazounda picha). Ushauri huo umepitwa na wakati. Picha ya kuchapishwa ya sentimita 20 kwa 25 inatosheka na megapikseli 7 hivi, na kamera za leo zimeshapita hapo.

Kinachoharibu picha za nyumbani ni mwanga hafifu: jioni mtoto anaruka kwenye kochi, uso unatoka na ukungu. Hapo dawa ni lenzi. Namba ya f huonyesha upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne ya ule wa f/3.5, hivyo kamera inaweza kupiga kwa muda mfupi zaidi, na mtoto anayeruka hatoki na ukungu. Kihisi kikubwa, yaani sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga, nacho husaidia. Mimi ningechukua kamera iliyotumika, hela inayobaki ninunulie lenzi.