Kukata kimeo hakutibu kikohozi: maswali ya wazazi

Kimeo ni nini?
Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo ukipanua mdomo. Wengine hukiita kilimi au kidakatonge. Madaktari hukiita uvula, Kilatini cha "zabibu ndogo", maana kikivimba hufanana na tunda hilo.

Kina kazi gani?
Unapomeza, huinuka pamoja na kaakaa laini kuziba njia ya pua, chakula kisipande puani.

Mtoto anakohoa, bibi yake anasema kimeo kimerefuka. Tukikate?
Hapana. Kikohozi huletwa na mafua, nimonia, pumu, kifua kikuu. Nimonia iko mapafuni. Wembe wa kooni hauifikii. Tunaletewa watoto viganja vimepauka, wanatapika damu nyeusi, na nimonia waliyoanza nayo bado ipo, tena imekuwa kali.

Mbona wa jirani alikatwa akapona?
Mafua huisha yenyewe, ukate usikate.

Fundi wetu ni mzoefu, anatumia wembe mpya.
Bado ni hapana! Wembe mpya hauzuii mtoto kuvuja damu, wala kidonda kuoza. Ukirudiwa kwa mwingine, ongeza VVU. Celsus, Mrumi aliyeandika kuhusu tiba karibu miaka 2,000 iliyopita, alikwisha kuonya kwamba kimeo kilichovimba, chekundu na chenye maumivu hakikatwi bila hatari. Sisi leo tunakikata sebuleni, mtoto kashikwa mikono na miguu.

Nimpeleke hospitali lini?
Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akipata degedege au akilegea, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usianzie kwa fundi "kujaribu kwanza". Kikohozi kikipita wiki 2, apimwe kifua kikuu.

Tulishamkata jana. Tufanyeje?
Mleteni sasa hivi, hata kama anacheza. Mdomo kuwa msafi si dalili ya usalama, kwani watoto humeza damu. Mtazame kama anamezameza mara kwa mara. Njooni na kadi ya kliniki tuone chanjo ya pepopunda. Na mwambieni daktari waziwazi kwamba amekatwa kimeo. Mzazi akificha, tunapoteza muda tukitafuta damu inatoka wapi.